Kabla hujampa mtu kompyuta yako, ifute hivi

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba, hujambo?”

“Sijambo. Shangazi, hizi picha za watu nizifanyeje?”

Simu hiyo ilinikuta dukani kwangu Chikongola, hapa Mtwara mjini, mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeshaanza na watu wamejaa hadi barazani wakitaka kopi za vitambulisho na kadi za benki. Aliyepiga ni mtoto wa kaka yangu, anasoma Lindi. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimempa kompyuta yangu ya mezani iliyofanya kazi dukani miaka saba: kuchapa, kuskani, kutengeneza picha za paspoti, kuwaombea vijana mikopo ya chuo. Kijana alifuta kwa bahati mbaya ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Rafiki yake akampa kwenye flashi programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, wakaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi ripoti ikapatikana. Pamoja nayo zikatoka picha za vitambulisho vya Taifa mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, kurasa za kwanza za madaftari ya benki, barua za watu kwa watendaji wa vijiji, na karatasi ya hospitali ya marehemu mama yangu niliyoiskani mwaka wake wa mwisho.

Mashine ile niliifuta kabla ya kumpa. Nilifuta folda zote, nikamwaga kapu la taka, nikafomati, nikapiga (yaani nikaweka) Windows upya. Ilipowaka ikiwa nyeupe na ile picha yake ya kiwandani, niliamini kazi imeisha.

Nilimwambia aizime, asiguse kitu. Jumapili nikapanda gari hadi Lindi na flashi yangu kwenye pochi, tukakaa mezani kwake kutoka saa nne asubuhi mpaka jioni. Kijana wangu ni mwaminifu na ndiyo maana alipiga simu. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza sura zile. Mama mmoja wa Naliendele namkumbuka kabisa, alikuja na kitambulisho kimefungwa kwenye kona ya kanga, akanipa akasema nikishike vizuri. Nilikishika vizuri kwenye skana, kisha nikakigawa pamoja na mashine.

Ninachoandika hapa ni namna ninavyofuta sasa, mashine yangu na za wateja wanaoniletea. Naomba ukizingatie zaidi kama mashine yako imefanya kazi ya watu: steshenari, ofisi ya chama cha msingi, shule, zahanati, saluni inayoandika namba za simu za wateja. Vingi vilivyomo si vyako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asikae nazo kupita shughuli aliyozichukulia. Hata pasipokuwa na sheria, yule mama alinipa kitambulisho chake kwa dakika mbili tu.

Kwa nini kufuta kwa kawaida hakutoshi

Hapa kwetu hakuna asiyelijua ghala la korosho, kwa hiyo nalieleza kwa ghala. Diski ya kompyuta ni ghala, na mlangoni kuna karani mwenye daftari linaloonyesha mzigo gani uko sehemu gani. Unapofuta faili, karani anapiga mstari kwenye daftari: sehemu ile sasa ihesabiwe kuwa tupu. Magunia hayajasogezwa hata shubiri moja. Ukimwaga kapu la taka, karani amepiga mstari wa pili. Ukifomati kwa ile njia ya haraka, karani ametupa daftari zima na kufungua jipya. Ukipiga Windows, umeingiza mzigo mpya wa gigabaiti 20 au 30 kwenye ghala la gigabaiti 500. Pale ulipokaa mzigo huo umefunika magunia machache ya zamani, na kwingine kote yapo vilevile.

Programu za kurudisha mafaili hazimwulizi karani. Zinaingia ghalani zenyewe na kupapasa gunia moja moja. Picha ya JPEG ina alama yake ya mwanzo, hati ya PDF ina yake, na programu ikiikuta alama inavuta mzigo mzima. Ndivyo inavyofanya PhotoRec, ambayo ni ya bure na yeyote anaweza kuipakua.

Kwa hiyo dawa ni kulijaza ghala lote mchanga, kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka gunia la zamani lisibaki. Kwa lugha ya kompyuta ni kuandika sifuri kila mahali kwenye diski.

Kabla ya kufuta

Hamisha vyako kwanza, na uhamishe mara mbili: nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine mahali pengine. Halafu zifungue nakala hizo kwenye kompyuta nyingine. Usiridhike kuona majina ya mafaili, fungua picha tano, fungua hati tatu, ingia kwenye folda iliyo ndani ya folda. Nimeshaona mtu analia hapa dukani kwa sababu flashi ilionyesha majina yote na hakuna faili hata moja lililofunguka.

Watu wengi wanakumbuka Documents na Desktop wanasahau Downloads. Downloads ndiko yanakoangukia yote yaliyopakuliwa kutoka kwenye barua pepe na WhatsApp, na kwenye mashine za steshenari ndilo jalala kubwa kuliko yote. Angalia pia folda ambayo skana yako inatunza kazi zake. Mara nyingi imejificha ndani ya Documents au Pictures kwa jina la Scans. Anayetumia Outlook kwa barua pepe atafute faili lenye mwisho wa pst, humo ndimo barua zake zote zinamoweza kuwa. Na kama umegawa diski yako, angalia D. Wengi wetu tulifundishwa kuweka kazi kwenye D ili Windows ikiharibika zisipotee, na D hiyohiyo ndiyo inayosahaulika siku ya kufuta.

Kisha toka kwenye akaunti zako, kwa mpangilio huu. Kwanza kivinjari. Kama Chrome yako imeunganishwa na akaunti ya Google, usikimbilie kufuta historia na maneno ya siri ukiwa bado umeunganishwa, kwa maana ufutaji huo unaweza kukufuata hadi kwenye simu yako na ukakuta maneno yako ya siri yote yameondoka. Toka kwanza kwenye akaunti, halafu ndipo ufute kilichobaki kwenye mashine. Kwenye WhatsApp shika simu yako, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, toa kompyuta hiyo. Kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, kuna orodha ya vifaa vyako vyote. Itafute kompyuta hiyo uitoe. Fanya hivyohivyo kwa akaunti ya Microsoft. Programu ulizonunua leseni, kama za hesabu au za kuchora, zitoe leseni zikiwa bado hai, vinginevyo nafasi yako itabaki imeshikwa na mashine usiyonayo tena.

Mwisho, chomoa. Kadi ya kumbukumbu kwenye tundu la pembeni, CD kwenye droo yake, kile kidude kidogo cha modemu chenye laini yako ya simu. Mwaka jana nilikuta laini ya mtu ndani ya modemu iliyokuja na laptopu ya mtumba, bado ina salio.

Jua diski yako ni ya aina gani

Hatua hii usiiruke, kwa sababu diski za aina mbili zinafutwa kwa njia mbili. Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia “Performance”, utaona “Disk 0” na pembeni yake imeandikwa HDD au SSD. Mashine ya zamani isiyoonyesha hivyo, tafuta kwa neno “Defragment”; dirisha litakalofunguka linataja aina ya kila diski. HDD ni ile ya sahani zinazozunguka, ukiweka sikio unasikia inavuma. SSD haina kinachozunguka, ni vipande vya chipu tu.

Diski ya sahani, HDD

Kuna njia rahisi na kuna njia yangu. Rahisi ni ile iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Kwenye Windows 11 nenda “Settings”, “System”, “Recovery”, halafu “Reset this PC”. Kwenye Windows 10 ni “Settings”, “Update & Security”, “Recovery”. Chagua “Remove everything”. Itakuuliza kama ipakue Windows kutoka mtandaoni au itumie iliyopo. Chagua iliyopo, “Local reinstall”, kwa kuwa ile ya mtandaoni inaweza kula zaidi ya gigabaiti 4 za bando lako.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Kabla ya kubonyeza “Next” kuna maneno madogo ya buluu, “Change settings”. Yabonyeze. Ndani yake kuna “Clean data”, na yenyewe imezimwa. Iwashe. Chini yake, kama diski imegawanywa, kuna swali la kufuta diski zote au ile ya Windows peke yake. Chagua zote, ili D nayo iingie. Usipowasha “Clean data”, mashine itafanya kile nilichofanya mimi: itapiga mstari kwenye daftari na kukupa kioo cheupe. Ukiiwasha, kazi itachukua saa nyingi, na urefu huo ndio dalili kwamba kuna mchanga unamwagwa.

Njia yangu ni amri moja, naipenda kwa sababu haina maficho. Tengeneza flashi ya kupigia Windows, ya gigabaiti 8 au zaidi, kwa programu ya bure ya Microsoft yenyewe. Chomoa diski zote za nje. Narudia, chomoa diski zote za nje, hasa ile uliyohamishia kazi zako. Washa kompyuta kwa flashi hiyo. Ikifika kwenye kioo cha kwanza cha kuchagua lugha, bonyeza Shift na F10. Kwenye laptopu nyingine unaongeza na kitufe cha Fn. Litafunguka dirisha jeusi. Andika:

diskpart

ubonyeze Enter, kisha:

list disk

Sasa tulia usome. Utaona “Disk 0”, “Disk 1” na ukubwa wake. Diski inayouzwa kwa jina la GB 500 hapa itasomeka 465, ya TB 1 itasomeka 931, na flashi yako ya GB 8 itasomeka 7 na ushee, au MB elfu saba na ushee. Mimi huweka kidole kwenye kioo na kusoma ukubwa kwa sauti, hata kama niko peke yangu, kwa kuwa ukikosea namba hapa hakuna wa kukurudishia. Ukishahakikisha kwamba 465 ndiyo unayotaka kuifuta, andika namba yake, kwa mfano:

select disk 0

kisha:

clean all

Lile neno “all” ndilo kazi yenyewe. Ukiandika “clean” peke yake umetupa daftari tu, na itamaliza kwa sekunde mbili. Ukiandika “clean all”, itaandika sifuri kila mahali. Haitakuonyesha asilimia wala mstari unaosogea. Kitakachoonekana ni kialama kinachopepesa kwenye dirisha jeusi na ile taa ndogo ya diski inayowaka bila kupumzika. Diski ya GB 500 kwangu huchukua saa moja na nusu hadi mbili na zaidi, ya TB 1 naiacha usiku. Umeme ukikatika katikati, diski haiharibiki, unaanza upya. Kwa ile njia ya kwanza ya “Reset”, umeme ukikatika Windows inaweza kugoma kuwaka, kwa hiyo laptopu ambayo betri imekufa usiiachie njia hiyo bila UPS, ile betri ya akiba ya umeme.

Wapo watakaokwambia ufute mara 7, wengine mara 35. Hizo 35 zilitokana na andiko la mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Peter Gutmann, la mwaka 1996, lililohusu diski za teknolojia ya miaka ile, na mwenyewe baadaye alifafanua kwamba kwa diski za sasa hazihitajiki. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, nao unakubali kuandika juu mara moja kwa diski za sahani. Mara moja, lakini kote.

SSD

Kwenye SSD ghala lina mpagazi. Chipu zake zinachakaa zikiandikwa mara nyingi, kwa hiyo ndani yake kuna chombo kinachohamisha mizigo ili chumba kimoja kisichakae kabla ya vingine. Wewe unamwambia jaza mchanga chumba cha 5; yeye anachukua mchanga anaupeleka chumba cha 90, kisha anaandika kwamba hicho sasa ndicho cha 5. Kile cha zamani kinakaa na mzigo wake mpaka apate nafasi ya kukisafisha. Tena ana vyumba vya akiba ambavyo wewe na Windows yako hamvioni kabisa. Ndiyo maana “clean all” kwenye SSD siitegemei peke yake, na zile programu za zamani za kufutia diski za sahani, kama DBAN, siziweki kwenye SSD.

Mpagazi mwenyewe ndiye anayepaswa kuamriwa. SSD ina amri ya ndani ya kujisafisha yote, vyumba vya akiba vikiwemo. Laptopu nyingi za kiofisi zinakuwezesha kuitoa kabla Windows haijawaka: kwenye HP unaingia kwa F10 na kutafuta “Secure Erase” sehemu ya usalama, kwenye Dell unaingia kwa F2 na kutafuta “Data Wipe”. Inamaliza kwa dakika chache, mara nyingine kwa sekunde. Usishangae, si uvivu wake, ndivyo ilivyoumbwa.

Laptopu isiyo na kitu hicho, nafanya hivi. Kabla ya kufuta, naisimba diski nzima kwa BitLocker, programu ya kusimba inayopatikana kwenye Windows za Pro. Kwenye Windows za Home angalia kwenye “Settings” kama kuna “Device encryption”, mashine nyingine zinayo. BitLocker itakuuliza usimbe sehemu iliyotumika tu au diski yote, chagua yote. Kusimba ni kugeuza kila kilichomo kuwa mchanganyiko usiosomeka bila ufunguo. Ikimaliza, ndipo nafanya “Reset” pamoja na “Clean data” kama nilivyoeleza juu. Hapo hata mpagazi akibakiza kitu kwenye chumba cha akiba, kitakuwa mchanganyiko ambao ufunguo wake haupo tena.

Wenye Mac yenye chipu za Apple, au ile ya Intel yenye chipu ya usalama ya T2, kuanzia macOS Monterey kuna “Erase All Content and Settings”, nayo inafanya kazi hiyo ya kutupa ufunguo kwa sababu diski imesimbwa tangu kiwandani. Toka kwanza kwenye akaunti yako ya Apple, vinginevyo unayempa atakuta mashine imefungwa kwa jina lako.

Mashine isiyowaka

Kompyuta iliyokufa haimaanishi diski imekufa. Upepo wa chumvi wa hapa pwani unakula ubao mkuu wa mashine wakati diski imekaa salama kwenye kisanduku chake. Toa diski hiyo, bisibisi moja inatosha kwa laptopu nyingi, iunge kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, uifute huko. Au ibakize kwako, utoe mashine bila diski. Diski ya laptopu ukiivalisha kava la USB inakuwa diski yako ya nje kwa miaka.

Na diski isiyosomeka kabisa, ile inayogonga ko-ko-ko, ivunje. Mzee mmoja aliniambia yake aliitupa baharini Shangani. Maji ya chumvi yanakula chuma, hayafuti kilichoandikwa kwenye sahani siku hiyohiyo. Sumaku ya spika nayo haina nguvu hiyo. Chukua drili, toboa sahani matundu manne au matano, kando na katikati. Vaa miwani, kwa sababu sahani za diski ndogo za laptopu nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vikali. Kwa SSD, kila chipu nyeusi iliyomo ivunjike. Ukivunja ubao na kuacha chipu nzima hujafanya kitu. Usiichome moto, moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

Nikumbushe pia ile mashine kubwa ya kutolea kopi. Nyingi za kidijitali zina diski ndani, na kazi ulizoskani zinaweza kukaa humo. Kabla ya kuiuza ingia kwenye mipangilio ya msimamizi utafute sehemu ya kufuta diski, na kama huioni mwite fundi wa mashine hiyo aitoe.

Hakikisha

Hiki ndicho nisichokifanya mwanzo. Kama umefuta kwa njia isiyorudisha Windows yenyewe kama ifanyavyo “Reset”, kabla ya kupiga Windows mpya jaribu kurudisha mafaili wewe mwenyewe. Iunge diski kwenye kompyuta nyingine, fungua PhotoRec, ielekeze kwenye diski nzima, iache ifanye kazi nusu saa. Inaonyesha hesabu inavyopanda: picha ngapi, hati ngapi. Kwenye diski ya sahani iliyofutwa kwa “clean all” hesabu inakaa sifuri. Ukiona hata picha moja, rudia kufuta. Fanya hivi kabla ya Windows mpya kwa sababu Windows ina picha zake nyingi, zitachanganyika na utashindwa kujua ipi ni ya nani.

Siku ile Lindi tuliirudia yote. Tuliandika “clean all” saa tano asubuhi, ikamaliza saa saba na dakika chache, kijana akapika wali na samaki tukala huku taa inapepesa. PhotoRec tukaiacha iende mpaka mwisho wa diski. Sifuri. Ripoti yake tulikuwa tumeshaihamishia kwenye flashi mbili.

Baada ya hapo piga Windows. Leseni ya Windows 10 na 11 kwa kawaida imefungamana na ubao wa mashine, kwa hiyo kufuta diski hakuipotezi. Kama mashine ni ya zamani na haipokei Windows 11, kumbuka msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi mashine za namna hiyo nazipiga Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na wanafunzi wanaandikia kazi zao bila tabu.

Usitengeneze akaunti kwa jina lako ili “kujaribu”. Ikifika kwenye kioo cha kwanza kinachouliza nchi, izime. Kwenye kipande cha plasta ya karatasi andika tarehe uliyoifuta, njia uliyotumia na sahihi yako, ukibandike chini ya mashine. Weka chaja yake, na kebo ya umeme kama ni ya mezani. Siku ya kumkabidhi, iwashe mbele yake, na pale inapouliza nchi, mwachie yeye achague.